Mlisema Nifunge Difu

Mjukuu wangu anapima watu macho kwenye zahanati, kwa hiyo alipotuletea mchumba hakuna aliyethubutu kusema hakumwona vizuri. Alimwona. Alimkalisha kwenye kile kiti chake, akamziba jicho la kulia akamsomesha herufi, akamziba la kushoto akamsomesha tena, na baada ya yote hayo bado akampenda. Sasa mimi ni nani nimwambie apime upya?

Kijana mwenyewe anauza magari kwenye duka la vioo. Mrefu, mpole, shati limepigwa pasi mpaka limekasirika. Tatizo lake moja: kila sentensi yake ina neno mfumo. Mfumo wa breki, mfumo wa usalama, mfumo wa malipo. Hata chai yangu ilipomuunguza ulimi alisema mfumo wake haujazoea moto. Nikambatiza pale pale, kimoyomoyo: Mfumo. Mpaka leo hajui, na nyinyi msimwambie.

Mume wangu naye aliendesha lori mpaka magoti yakamkatalia. Mtaa mzima unamwita Dereva, ingawa siku hizi hana cha kuendesha zaidi yangu mimi, na mimi nilishakata usukani zamani. Neno lake ndilo lililokuwa likingojwa. Mwanetu, baba wa huyu binti, alishatangulia mbele ya haki, basi anayeulizwa ni Babu, na Babu akisema hapana, ni hapana. Wachumba wawili alishawarudisha walikotoka. Mmoja kwa sababu aliubamiza mlango wa gari kama anaua mende. Wa pili kwa sababu hakuwa na gari, wala hamu ya kuwa nalo.

Mjukuu wangu alinifuata jikoni asubuhi ile, mimi namenya vitunguu, yeye analia bila hata kuvigusa.

"Bibi, huyu Babu akimkataa, sileti mwingine. Nitazeekea hapa hapa, tugombanie wewe na mimi ule mto wa kochi."

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "ule mto ni wangu. Lazima uolewe."

Ndipo nikajua kazi ninayo.

Mfumo alikuja na pikapu ya dukani kwao, nyeupe, mpya, viti bado vimevikwa nailoni. Fowili, yaani magurudumu yote manne yanavuta. Alikuwa amepewa aizungushe kwa wateja, akaona aanzie kwa babu mkwe. Wazo zuri, isipokuwa mteja alikuwa Dereva.

Sebuleni alitoa kishikwambi chake, akakisimamisha mezani kati ya vikombe, na video ikaanza. Gari linaparamia mlima. Gari linavuka mto. Gari linapita kwenye theluji, sijui theluji ya nani.

"Babu, hii ina mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti utelezi," akasema. "Vihisi viko kwenye kila gurudumu. Kompyuta inafikiri kwa ajili ya dereva."

Mimi nikaangalia chini. Kumwambia mume wangu kwamba kuna kitu kinafikiri kwa ajili ya dereva ni sawa na kumwambia imamu kuna redio inayoswali kwa niaba yake.

Dereva akaweka kikombe chini taratibu.

"Kijana. Lina difu?"

"Lina difu mbili, Babu. Mbele na nyuma."

"Difu ni nini?"

Mfumo akafungua mdomo. Akakigusa kishikwambi. "Difu ni... mfumo wa kugawanya..."

"Umekula?"

"Nimekula, Babu, nashukuru."

"Basi simama twende machimboni."

Machimboni ni kule nyuma ya kiwanda cha matofali. Watu walichimba kokoto miaka mingi, wakaondoka, wakatuachia mashimo. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Njia yenyewe inashuka kwenye udongo mwekundu, ina makorongo mawili yanayopishana: moja linalila gurudumu la mbele upande huu, jingine linalila la nyuma upande ule. Lori la Dereva lilishawahi kulala pale. Alikuwa anajua vizuri sana anakompeleka mtoto wa watu.

Tukapanda. Mfumo kwenye usukani, mimi mbele kwa sababu ya kiuno, Dereva na mjukuu nyuma. Njia nzima Dereva alikuwa anasikiliza injini kama mama mkwe anavyosikiliza jikoni kwa mkwewe, akingoja kitu kianguke.

Tulipofika kwenye makorongo, Mfumo akabonyeza kitu, taa ikawaka, akasema, "Sasa ni fowili." Akashuka nalo. Gari likainama kwa mbele, likainuka kwa nyuma, likajipinda kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda, halafu likasimama. Gurudumu la mbele la kushoto liko hewani. La nyuma la kulia liko hewani. Mengine mawili yamekaa kwenye udongo, yametulia, kama wageni waliokuja msibani kula.

Mfumo akakanyaga mafuta. Yale ya hewani yakazunguka kwa furaha. Yaliyoshika ardhi hayakujitikisa.

"Fowili," akasema Dereva kutoka nyuma. Neno moja tu.

Mfumo akakanyaga tena, safari hii kidogo zaidi. Chini ya gari kukatoka sauti: krrr, krrr, krrr, kama mtu anasaga mifupa kwenye bati. Gari zima likatetemeka, na pedali nayo ikatetemeka. Mfumo akaondoa mguu haraka.

"Gia hiyo imekufa," akasema Dereva, na sisemi uongo, nilisikia raha kwenye sauti yake.

Akajaribu tena. Krrr. Mguu juu. Krrr. Mguu juu. Jasho likaanza kumtoka kijana, shati lile la pasi likalegea kidogo, nikampenda.

"Bibi, baki tu ndani usichafuke," akaniambia. Wao watatu wakashuka. Gari likabaki linanguruma, funguo mahali pake, mimi na nailoni yangu. Nikateremsha kioo upana wa vidole viwili ili nisipitwe na maneno.

Dereva alishika kiuno, akazunguka gari mara moja kama daktari wa ng'ombe.

"Hili ni jambo la kufunga difu tu," akasema. "Funga difu, litoke."

Mfumo akakuna shingo. "Babu... kufuli la difu lipo."

"Basi lifunge."

"Lipo kwenye toleo la juu. Hili ni toleo la kati."

"Sijakuelewa."

"Mahali pa kitufe papo, Babu. Kitufe ndio hakipo."

Nikaangalia mbele yangu. Kweli bwana. Kwenye mstari wa vitufe palikuwa na kijiplastiki kimoja kitupu, laini, hakina picha, kama kaburi la mtu asiyejulikana. Yaani wametengeneza gari, wakaweka na alama ya kukukumbusha kitu usichonunua. Mimi niliwaza, hawa waliotengeneza lazima wana wake wengi: mmoja anapewa, mwingine anaonyeshwa.

Dereva hakutaka kusikia habari za matoleo. Alishaanza kupaza sauti, na akipaza sauti huwa hasemi na mtu mmoja, anasema na mtaa. "Nimefunga difu miaka yote, leo naambiwa kitufe hakipo! Funga! Nasema funga difu! Hakuna mtu humo ndani mwenye mikono? Funga!"

Ndani nilikuwa mimi peke yangu, na mikono ninayo. Nikatazama mlango wa upande wa usukani. Pale kwenye mkono wa mlango kulikuwa na kitufe kina picha ya kufuli, zuri kabisa, hata mtoto wa chekechea angelitambua. Nikajinyoosha, kiuno kikalia, nikabonyeza.

Kwap! Milango yote minne ikajifunga.

Mfumo akajaribu kufungua mlango wake, haufunguki. Akajaribu wa nyuma. Dereva akavuta wangu.

"Umefanya nini?"

"Nimefunga."

"Umefunga nini?"

"Difu. Si mmesema nifunge?"

Mjukuu wangu alijifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yake yalikuwa yanacheza, nikajua halii.

"Hiyo ni milango, mama!" akasema Dereva. "Umefunga milango! Fungua."

Naapa, kosa la kwanza lilikuwa la kweli. Lakini wakati kidole changu kinarudi kwenye kile kitufe ili nifungue, nikatazama nje. Wanaume wawili wamesimama kwenye tope, mmoja ana neno ninalolitaka, mwingine ana haja nalo, na mimi niko ndani, kwenye baridi safi inayotoka ukutani mwa gari, na kioo kiko wazi kidogo tu. Kidole kikapata akili. Nikakirudisha mapajani.

"Sifungui."

"Unasemaje?"

"Nimekaa vizuri. Kwanza nataka kuelewa. Tangu asubuhi naambiwa difu, mfumo, fowili. Nimeishia darasa la saba, lakini si kiziwi. Mume wangu mpya," nikamgeukia Mfumo, "njoo hapa kiooni, unieleze difu ni nini. Kwa Kiswahili cha jikoni. Neno mfumo ukilitaja, napandisha kioo."

"Bibi, wakati huu si..."

"Wakati ninao. Ninyi ndio mnaozama."

Na kweli walikuwa wanazama, viatu vya Mfumo havikuonekana tena. Akanisogelea. Alikuwa anatafuta maneno bila kishikwambi, na nikaona jinsi mtu anavyokuwa akivuliwa maneno ya kazini: mdogo, lakini anapendeza.

"Bibi, gari likikata kona," akaanza, "gurudumu la nje linakwenda njia ndefu kuliko la ndani. Kama watoto wa shule wameshikana mikono wanageuka: wa nje anakimbia, wa ndani anakanyaga pale pale. Difu inawaruhusu waende tofauti bila kung'oana mikono."

"Hapo nimeelewa. Endelea."

"Sasa difu ni kama mama asiyependelea. Nguvu ya injini anawagawia watoto wake wawili, kulia na kushoto, sawa sawa. Huyu hapati tonge kubwa kuliko yule."

"Mama mzuri."

"Mzuri, ila mjinga kidogo. Mmoja akiwa hewani, hana cha kusukuma. Hali chochote. Anacheza tu, anazunguka. Mama anaona huyu amekula sifuri, basi kwa haki yake, na yule aliyeketi chini kwa adabu anampa sifuri."

Jamani, niliwahi kuwa kwenye kikundi cha akina mama kilichoendeshwa hivyo hivyo. Mwenyekiti wetu alikuwa difu.

"Na kelele ile? Krrr?"

"Ile ndiyo mf..." Nikashika kitufe cha kioo. "Ile ni breki, Bibi! Kompyuta inaona gurudumu fulani linacheza peke yake. Inalikamata kwa breki, lile moja tu. Inakamata, inaachia, inakamata, inaachia, haraka haraka, ndiyo sauti. Likishabanwa, linakuwa zito. Mama anadhani mtoto sasa anakula, anampa tonge. Na kwa haki ile ile..."

"Anampa na yule wa chini," akamalizia mjukuu wangu.

"Sawa sawa. Na yule wa chini ndiye anayetutoa."

Dereva alikuwa amesimama muda wote nyuma ya kijana, mdomo umekunjwa. Sasa akasogea.

"Subiri. Subiri kwanza. Sisi kwenye lori, tairi likizunguka hovyo, ulikuwa unakanyaga mafuta kwa mguu huu, na huku unagusa breki kidogo kwa mguu ule. Kidogo tu. Lile linalocheza linapata uzito, lori linatoka."

"Ndiyo hivyo hivyo, Babu. Isipokuwa wewe breki yako ilikuwa inakamata yote. Hii inachagua."

"Yaani hao jamaa wamenichukulia mguu wangu wakautia kwenye kompyuta?"

"Ni kama hivyo, Babu."

"Bila kuniuliza!"

Alikuwa amekasirika, lakini kwa namna ya mtu aliyekuta picha yake imebandikwa mjini. Nikaona mlango umefunguka kidogo, sizungumzii wa gari.

"Dereva," nikamwita. "Kijana amejieleza. Mpe jibu lake, nifungue, twende nyumbani."

Akanyooka. "Mimi sijibu posa kupitia tundu la dirisha."

"Basi sifungui."

"Basi kaa."

"Nakaa."

Na ningekaa mpaka mbingu zishuke, wallahi, kwa uchungu wa mjukuu wangu. Lakini chai ile niliyomuunguzia Mfumo ulimi, mimi nilikunywa vikombe vitatu. Na baridi ya gari ikisaidiana na chai, mwanamke wa umri wangu hana msimamo. Nilibana. Nikaimba kidogo. Nikatazama milima. Mwishowe nikabonyeza kitufe, kwap, nikashuka bila kumtazama mtu, nikaelekea kichakani. Nyuma yangu nilimsikia Dereva akimwambia kijana, "Umeona? Kila kufuli lina siku yake."

Niliporudi, nafsi imetulia, walikuwa wameshagawana kazi. Mjukuu amepanda juu ya ukingo kuelekeza. Mfumo yuko kwenye usukani. Dereva amejiweka nyuma ya gari, viganja viwili kwenye mlango wa bodi.

"Babu, tafadhali usisimame hapo," Mfumo akamwomba. "Halihitaji kusukumwa."

"Gari halijawahi kutoka shimoni bila mtu wa kusukuma. Fanya yako, nami nifanye yangu."

Nikapanda mbele, nafasi yangu. Mikono ya kijana ilikuwa imeung'ang'ania usukani utafikiri ndio anaoposa.

"Bibi, nisamehe, naogopa. Ile sauti... Nikiiharibu hii gari, kazi sina. Na kazi nikiwa sina, Babu ndio atasema nini?"

"Umenieleza mwenyewe kwamba ile sauti ni breki inafanya kazi yake."

"Najua. Kichwa kinajua. Mguu haujui."

Hapo nikaelewa kilichokuwa kimetushika pale shimoni. Gari lilikuwa zima. Kila lilipoanza kujitoa lilipiga kelele, na kila lilipopiga kelele mwenyewe alilikatia mafuta, likaanza upya. Nimeziona ndoa nyingi zimezama hivyo hivyo, na hakukuwa na tope.

"Kanyaga," nikasema. "Pole pole. Usiongeze, usipunguze."

Akakanyaga. Krrr, krrr, krrr. Pikapu ikatetemeka mpaka meno yangu, yale niliyobaki nayo, yakagongana. Nikaona goti lake linaanza kuinuka. Nikaweka kiganja changu juu ya goti lile, nikalilalia kwa uzito wangu wote, na uzito ninao.

"Bibi!"

"Nyamaza, mume wangu. Kanyaga."

Krrr, krrr. Hakuna kitu. Krrr. Halafu upande wa kulia mbele, kwa chini, nikasikia kama mtu mnene anaamka kitandani. Gurudumu lililokuwa limekaa kwa adabu likazunguka nusu. Likashika. La nyuma likashika. Pikapu ikajivuta, ikapanda ukingo, ikaruka kidogo, ikatoka juu kwenye kokoto kavu, na mjukuu wangu kule mbele anaruka ruka na kupiga makofi kama mtoto.

"Tumetoka!" Mfumo alisema. "Bibi, unaweza kuondoa mkono."

Niliondoa. Nikaangalia kwenye kioo cha pembeni.

Nyuma kulikuwa na kitu kimesimama. Kina umbo la mtu, kina mikono miwili imenyooka mbele bado inasukuma, lakini chote ni udongo mwekundu, kuanzia utosini. Lile gurudumu la nyuma, kabla halijashika sawasawa, lilikuwa limepata pa kutemea.

Tulishuka. Hakuna aliyecheka. Mjukuu alikuwa anajiuma kidole. Kitu kile kikapanda ukingo pole pole, kikafika mbele ya Mfumo, kikafuta jicho moja kwa kidole gumba, kikafuta la pili. Macho mawili meupe yakamtazama kijana kutoka chini mpaka juu, yakasimama kwenye goti lake.

"Mguu wako mbona unatetemeka?"

"Nimeogopa, Babu."

"Umeogopa gari?"

Hapa nilidhani ataingiza neno lake lile, na nilikuwa tayari kumkanyaga kidole.

"Gari niliogopa kidogo," akasema. "Tangu asubuhi ninakuogopa wewe."

"Na bado umekuja."

"Nimekuja, Babu. Namtaka."

Dereva akageuka akamtazama mjukuu wake. Binti alikuwa ameacha kujiuma kidole. Alisimama mikono imelegea, anangoja, na uso wake ulikuwa hauna mzaha hata chembe. Mimi nilianza kusoma dua zote ninazozijua, na zingine nikazibuni.

Dereva akatema udongo pembeni, kwa heshima.

"Mwambie baba yako aje Jumamosi," akasema. "Tuzungumze kama watu wazima."

Mjukuu wangu akamrukia babu yake shingoni, na gauni lake la buluu likaisha pale pale. Mfumo alitaka kumpa mkono, akaona mkono uko tope, akaushika hivyo hivyo kwa mikono miwili, hakuuachia. Mimi nikaenda kusimama nyuma ya pikapu kidogo, nikafuta macho. Vumbi la machimbo ni baya.

Njia ya kurudi, Dereva alikaa juu ya nailoni na udongo wake, amenyooka kama waziri. Tulipokaribia nyumbani akainama mbele, akamshika kijana bega.

"Sharti moja. Baba yako akija, usimwambie nilikuwa nimesimama wapi gari linatoka. Umenisikia?"

"Nimesikia, Babu. Sitamwambia mtu."

Na kweli, ni kijana mwenye adabu, hajamwambia mtu mpaka leo. Lakini sharti lile alipewa yeye. Mimi hakuna aliyenipa sharti lolote.